Mwalimu Hajaja Tangu Machi

Kitongoji cha Mbugani,
Ikungi, Singida.
26 Januari 2025

Mpendwa kaka Antipasi,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Wifi Belinda na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Goti la mama limepata nafuu, na alizeti zimeota vizuri mwaka huu.

Nimeona niandike kwa kalamu, maana kwenye simu ningekukatia.

Jenipher wangu amefeli kidato cha pili. Hilo ulishasikia. Sasa sikia yaliyobaki.

Jumatano wazazi tuliitwa shuleni. Mkuu wa shule akasoma majina ya waliofeli, hamsini na mmoja, akawasimamisha mbele yetu. Mwanangu alisimama akiangalia viatu vyake. Mkuu akasema hawa ni wavivu, na sisi wazazi hatufuatilii.

Kaka, mtoto huyu anatembea saa mbili kwenda shule, anashinda njaa, na akirudi anachota maji ndipo ashike kitabu. Mwalimu wa hisabati alihamishwa wakiwa kidato cha kwanza, hakuletwa mwingine. Nilikuwa nimekuja na daftari la Jenipher la somo hilo. Nikasimama.

“Mwalimu, somo la mwisho humu ni la Machi mwaka juzi. Ulitaka ajibu nini kwenye mtihani?”

Jirani yetu Elisha naye akainua daftari la mwanawe, tarehe ile ile. Wengine wakafuata. Afisa elimu aliyetoka wilayani akayapitia moja moja, akaahidi mwalimu ndani ya wiki mbili. Nikamwambia siku ya kumi na tano atanikuta mlangoni kwake. Sitanii.

Lakini kilichomliza Jenipher si mkuu wa shule. Ni wewe. Ule ujumbe wako kwenye kundi la ukoo, kwamba hana akili, tumtafutie mume, aliusoma kwenye simu yangu. Ana miaka kumi na tano, kaka. Mimi niliishia darasa la saba ili wewe usome, na sikulalamika. Kwa mwanangu sitanyamaza.

Siku mbili alikataa kutoka nyumbani. Leo asubuhi ameniambia kesho atakwenda, atarudia kidato.

Ukiipata barua hii, mpigie. Usimpe ushauri wowote. Mwombe radhi.

Mama anakusalimu sana, mdogo wetu Magreth pia. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Mdogo wako anayekupenda hata akiwa na hasira,
Theodora