Paa Aliyezoea Udi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Barua imekuja! Sidi kaileta mwenyewe, yule binti wa mradi wa misitu. Idara ya wanyamapori imekubali. Kikuba wangu ataondoka mtaani kwetu Kibokoni, arudi msituni.

Miaka miwili paa huyu yuko uani mwangu. Aliletwa kachanga ndani ya kapu, mdogo kama paka, mamake kafia mtegoni huko Kwale. Siku ya kwanza tu alikula kikuba cha asumini, kile kishada cha maua cha mke wangu Nabiha, kikingoja harusi ya watu. Jina likaganda.

Sidi asema misitu ya huko Kwale imebaki vipande viwili, mahindi katikati. Kipande kidogo kina madume wawili na jike mmoja mkongwe, basi. "Mzee Yeslam, tusipopata jike kijana, paa wa pale wamekwisha." Lakini sharti: Kikuba ajifunze kuogopa watu. Paa asiyeogopa mtu hujipeleka mwenyewe chunguni.

Nikamwambia, mwanangu, mimi shule niliachia darasa la sita, lakini nimepika melini miaka kumi na moja. Karachi, Durban, Jeddah. Nahodha wa Kinorwe nilimfundisha kula pilipili. Paa atanishinda?

Alhamisi, 7 Agosti

Kanishinda. Nimepiga kifuniko cha sufuria, nimenguruma kama simba. Kaja kukilamba kifuniko. Jirani yangu Hamdan kanisikia kutoka barazani: "Yeslam! Wamfukuza mnyama au wamlilia?" Baraza zima likacheka. Nami nikacheka — kweli ilikuwa ngurumo ya mbuzi mwenye mafua.

Magharibi Nabiha kafukiza nyumba udi, kama kila Alhamisi. Kikuba akajilaza kando ya chetezo kama bibi harusi. Ndiyo saa yake ya kupewa tende.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumevuka Likoni kwa feri, yeye sandukuni, mimi namwimbia. Zizi la Sidi liko ukingoni mwa msitu, mpakani na shamba la Mung'aro. Huyu Mung'aro alikuwa mtegaji, wala hafichi. "Mama wa huyu huenda nimemla mimi," kaniambia. Hakucheka. Sasa ameacha ukanda mzima wa shamba lake, hatua ishirini upana, kaupanda miche ya miti ya mwitu ili vipande viwili vya msitu vishikane na paa wapite. Mkewe asema amerogwa. Nikamwambia, kama ni kurogwa, basi umerogwa vizuri.

Nimemwacha Kikuba pale. Sikulia. Feri ilikuwa na vumbi.

Jumatano, 27 Agosti

Sidi kapiga simu. Kwa vishindo vya kila siku zizini, Kikuba akimwona Mung'aro, ajificha! Akimwona yeye Sidi, mbio! Si nilisema? Somo langu la kifuniko lilichelewa kumwingia akilini, hilo tu. Atafunguliwa Ijumaa. Nimewatangazia mtaa wa Ndia Kuu wote, hata watalii wawili walioingia dukani kwangu kuulizia choo.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeharibu.

Nimeswali, nikavuka vivyo hivyo na kanzu yangu ya Ijumaa, ile ambayo Nabiha huitundika juu ya chetezo mpaka ikolee udi. Siku kubwa kama ile — ningevaa nini, kikoi? Sidi kafungua mlango. Kikuba katoka polepole. Na dume alikuwepo! Amesimama kwenye miche ya Mung'aro, anamtazama. Hatua kumi baina yao.

Kisha upepo ukageuka. Kikuba akainua pua. Akageuka, akaja mbio mpaka kwangu, akatia kichwa ndani ya kanzu akitafuta tende. Dume akapotea.

"Mzee, umekuja umevaa nyumba nzima!" Sidi alisema hivyo, machozi yamemlenga. Mung'aro yeye alisema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Kwamba zamani zake za kutega, angelijua hilo, asingehitaji hata mtego. Kipande cha udi na kiberiti, basi.

Nikaivua kanzu palepale, nikabaki na fulana na kikoi. Mimi!

Kikuba amerudishwa zizini.

Jumatatu, 1 Septemba

Nabiha ameifua kanzu mara tatu. Yanukia bado.

Sidi kaja dukani. Nilidhani kaja kunigombeza, nikamwagizia kahawa na haluwa kabla hajafungua mdomo. Kumbe ana jambo lake: kanzu nisiiache. Niivae, nifukizwe zaidi. Kisha mimi mwenyewe, na udi wangu, nimtishe Kikuba. Mara moja, kwelikweli, asinitamani tena. Bila hivyo hafunguliwi. Atazeekea zizini, na madume watazeekea msituni.

Nikamuuliza, hakuna mtu mwengine?

"Anaowaogopa wako tele, Mzee. Asiyemwogopa ni mmoja."

Barazani Hamdan leo hakunitania. Kaingia ndani kwake, katoka na debe tupu. "Hili lina kelele," akasema. Akanipa.

Jumamosi, 6 Septemba

Kwale. Naandika nimekalia debe. Nimefukizwa mpaka ndevu. Kwenye feri watu wakaniuliza harusi ya nani. Nikawaambia yangu, mke wa tatu. Nabiha hayupo, alhamdulillahi.

Mung'aro kajibanza nyuma ya mti, kawafungia mbwa wake nyumbani. Miche yake imefika magotini. Dume amerudi, Sidi kamwona mara mbili asubuhi hii.

Mpango ni huu: Kikuba atanusa, atanijia. Akifika hatua kumi, niinuke, nipige debe, nipige ukelele, nimkimbize mpaka msituni. Kazi ndogo. Durban nilimtoa mwizi melini kwa mwiko.

Mfukoni kuna tende. Sijui imeingiaje.

Najua imeingiaje.

Sidi ameinua mkono. Mlango huo wafunguka.

Katoka. Kasimama. Mwanangu kanenepa, mashaallah!

Pua juu.

Yuwaja. Masikio mbele, mbio zile zile za uani. Hatua thelathini. Ishirini. Mung'aro ananiashiria inuka, inuka — nami bado nimekalia debe, kalamu mkononi, tende mfukoni.