Midomo ya Ngisi na Daftari la Kijani

Maabara ya Wanyama wa Baharini,
Chumba Na. 9, Ghorofa ya Pili,
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini mgongo wako umeacha kukusumbua, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Mimi ni mzima, ingawa nguo zangu zote zinanuka tumbo la pomboo.

Nina ombi moja, lakini sharti kwanza nikueleze upuuzi ulionifikisha hapa.

Mkuu wetu mpya, ambaye wahudumu wanamwita Bwana Asilimia, ameandika ripoti kwamba chakula cha pomboo wetu ni ngisi kwa asilimia tisini na moja. Amejuaje? Amepasua matumbo kumi na manane ya pomboo waliokufa ufukweni, akahesabu alichokiona, akagawanya. Mtoto wa darasa la nne angeweza, ila yeye pengine angeona haya. Mdomo wa ngisi ni mgumu kama kucha. Hukaa tumboni siku nyingi. Samaki huyeyuka kwa saa chache, na hata kile kijiwe cha sikio tunachomtambulia huliwa na tindikali. Bwana huyu amelinganisha masalia ya wiki nzima na masalia ya asubuhi moja, akaita hiyo sayansi.

Nilimweleza hayo kikaoni. Akarekebisha tai yake. "Daktari, takwimu hazina chuki na mtu."

Mama anayesafisha maabara akasimamisha fagio. "Basi mkuu, pipa langu la jikoni limejaa maganda ya mayai. Ukilichungulia utasema wanangu hawajawahi kuonja mkate."

Katika chumba kile chenye shahada saba, ndiye pekee aliyeielewa mada.

Tarehe tatu Aprili kamati itaisoma ripoti hiyo, iamue kama meli kubwa ziruhusiwe kuzoa dagaa wote wa ghuba, kwa hoja kwamba pomboo hawawahitaji.

Nikaketi kumbomoa kwa maandishi. Nikaifuata rejea anayoiegemea tangu ukurasa wa kwanza. Mdogo wangu, ni makala yangu mwenyewe, ya miaka kumi na tisa iliyopita. Njia ile ile, kosa lile lile, na jina langu juu yake. Nimetafuta namna ya kumdharau yeye nikabaki salama mimi, sijaipata.

Likizo ile nilipopasua matumbo ya makala hiyo, wewe ndiwe uliyeniandikia hesabu, umeziba pua kwa leso. Uliniuliza, "Dada, na huu uji wa samaki tuuandike wapi?" Nikakucheka, nikasema uji hauhesabiki. Ukaupima hata hivyo, ukaandika uzito wake kwa penseli pembeni mwa daftari, tumbo kwa tumbo.

Daftari lile la kijani limo katika sanduku la mama, hapo kwako. Tafadhali mpe mtu wa kuaminika aniletee kabla ya kikao cha kamati. Nitaanza kwa kulisoma kosa langu, kisha penseli yako. Kosa la Bwana Asilimia halitahitaji msaada wangu ili lionekane.

Nisalimie shemeji, shangazi na goti lake, na mpwa wangu yule mbishi; msimkataze kuuliza. Mungu awazidishie afya na utulivu.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako, aliyeziba masikio wewe ulipoziba pua.