Faili la Mkunga

Tarehe 14 Juni

Kwako kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe pamoja na wifi na watoto. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba lile goti lako limepata nafuu tangu ulipoacha ubishi ukakubali kwenda kupigwa picha. Wifi aliniambia kwenye simu kuwa siku hizi unapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Tumshukuru Mungu. Mimi huku mwili ni mzima, hauumwi popote, ila usingizi umenihama na chakula nakila kwa kujilazimisha. Mpe mama pole ya kikohozi, na umwambie sweta yake nitamletea mwenyewe.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Umeuliza, na haki ya kuuliza unayo, ni kitu gani kilichonifanya niache kazi ya serikali ambayo ukoo mzima ulijivunia. Unasema umesikia mgongo umeniharibikia. Uvumi huo niliuanzisha mimi. Mgongo wangu hauna neno. Nimefukuzwa, kaka, na kabla hujawapandishia hasira walionifukuza, nakuomba usome mpaka mwisho.

Hujawahi kufika ofisini kwetu, kwa hiyo nianze hapo. Ni jengo refu lililokuwa ghala la nafaka, likagawanywa vyumba kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba mtu akilia chumba cha pili, wa chumba cha nne anamsikia. Vioo vya madirisha vimepakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili walio kwenye foleni wasichungulie. Ndani kuna meza moja na viti vitatu. Ofisa anakaa upande wake, mwombaji wa hifadhi upande wake, na mkalimani katikati, kwenye kona ya meza. Mtu anasema yaliyompata kule alikotoka, mimi namfasiria ofisa, ofisa anaandika, na yale yaliyoandikwa ndiyo yanayoamua kama nchi itampokea au itamrudisha. Hakuna chombo cha kurekodi sauti. Kuna karatasi tu.

Lugha yenyewe unajua nimeitoa wapi. Ulininyima maji mpaka niyaombe kwa lugha ya mama, nami nikawa nakwenda kukushtaki kwake kwa hiyohiyo lugha uliyotaka niseme. Nilivuka mpaka nikiwa mgongoni kwa mama, sikumbuki chochote, lakini wewe ulikuwa na miaka saba na umetusimulia mara nyingi jinsi karani wa siku ile alivyoweka kalamu chini akamngoja mama amalize kulia, ndipo akaandika. Nilipopata kazi hii ulinipigia simu ukasema sasa zamu ni yetu kuwangoja wengine. Maneno hayo nilikuwa nayajibu kwa kucheka. Leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze.

Mambo yamebadilika, kaka. Vita vya safari hii vilipoanza, tulipokea watu mikono miwili. Magazeti yaliandika kwamba sisi ni taifa lenye utu. Mwaka wa pili redio zikaanza kusema nchi imejaa, na mwaka huu ukaja waraka kwamba kila chumba kimalize watu kumi na wawili kwa siku. Ofisa wa chumba chetu tulikuwa tukimwita Bwana Kwa Ufupi, maana mwombaji hajafungua kinywa sawasawa yeye ameshasema, "Kwa ufupi, dada, kwa ufupi." Si mtu mbaya. Ana watoto wanne na vidonda vya tumbo, na waraka ule ulikuwa umebandikwa mbele ya macho yake. Lakini siku moja alimfukuzisha mkalimani mwenzangu kwa kosa la kuwapikia waombaji maneno. Akanigeukia, akasema anajua na mimi natoka upande uleule, kwa hiyo ataniangalia vizuri. Mikataba yetu ilikuwa ya mwezi kwa mwezi.

Basi mwezi wa pili akaingia mwanamke mmoja, mkunga, mrefu, mwenye mikono mikavu kwa kuoshwa mno. Alikuja na mabinti zake wawili, wa miaka tisa na sita, wakaachwa nje kwenye benchi. Nilikuwa namfahamu kwa sura. Kwenye mahema ya wanaosubiri majibu alikuwa ameshazalisha wanawake watano, mikasi akiichemsha kwenye birika la chai la walinzi, na walinzi wakilalamika kwa mzaha kwamba chai yao sasa ina ladha ya hospitali. Mke wa mmoja wao naye alizalishwa na huyohuyo, kwa hiyo malalamiko hayakwenda mbali.

Alieleza kwamba wanajeshi walimtaka ataje majeruhi aliowatibu, akakataa, wakaweka alama mlangoni kwake. Akavuka na watoto, mumewe akabaki kulinda nyumba. Alisema yote hayo kwa mpangilio, kama mtu anayekabidhi zamu wodini. Bwana Kwa Ufupi aliandika, akauliza kama tangu hapo alirudi tena kule. Wakaongea, nikafasiri, akagonga faili, akaita mwingine. Alikuwa mtu wa tisa siku hiyo.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Sheria inataka mkalimani amsomee mwombaji uamuzi kwa lugha yake, na zamu ilikuwa yangu. Nilimsomea nikiwa nimesimama. Ombi limekataliwa, kwa sababu mwombaji, baada ya kuingia nchini, alirudi kwao kwa hiari yake bila kulazimishwa na mtu yeyote, jambo linaloonyesha kwamba hakuwa na hofu ya kweli. Ana siku saba za kukata rufaa, la sivyo atarudishwa.

Mkunga hakupiga kelele. Aliniomba nimsomee tena pale penye neno hiari. Nikasoma. Akasema, "Mwanangu, mimi nilisema nilirudi kuzika."

Ni kweli alisema. Alisema mumewe alipouawa majirani wote walikuwa wameshakimbia, maiti ikabaki uani, na habari ikamfikia kwa mtu aliyevuka. Akawaacha watoto kwa mama mmoja wa hema la jirani, akarudi kwa miguu. Yeye na wifi yake, aliyetoka kijiji cha pili, walichimba kaburi kwa jembe lenye mpini uliovunjika, alfajiri wakamfukia, na jua halijapanda alikuwa njiani kurudi huku. Alilieleza hilo kwa muda mrefu, na ndilo jambo pekee lililomfanya atetemeke siku ile.

Sasa kaka, hapa ndipo ninapotaka usiniruke mstari. Umekuwa ukisoma ukimlaani Bwana Kwa Ufupi. Yeye aliandika alichopewa. Mkunga alipokuwa akieleza habari ya kaburi, ofisa aliangalia saa, akasema, kwa ufupi, alirudi au hakurudi? Mimi nikasema alirudi. Akauliza, kuna aliyemlazimisha? Nikamwuliza mkunga, naye akanijibu kwamba hakuna aliyemlazimisha, ila nani mwingine angemzika? Mimi nikamwambia ofisa kwamba hakuna aliyemlazimisha. Nikaishia hapo. Kaburi sikulitaja. Jembe sikulitaja. Kila neno nililolitoa lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Usidhani nilichoka, ingawa nilichoka. Niliogopa. Mkunga alikuwa ameshaanza kutetemeka, na mimi nikaona nikilifasiri lile la kaburi sauti yangu nayo itatetemeka, na ofisa ataniona niko upande wa nani. Nilitaka nionekane mtu wa ofisi. Nilikata maneno ya mwanamke yule ili macho ya ofisa yaniondoke usoni.

Na hilo silo baya zaidi. Aliposema alirudi kuzika, alinishika mkono. Akasema wanasheria wa msaada walishawaambia watu wa mahemani kwamba rufaa inahitaji shahidi wa yale mtu aliyoyasema chumbani, na chumbani tulikuwa watatu. Akasema wewe ulikuwepo, ulinisikia, waambie tu ulichosikia. Mabinti zake walikuwa wamesimama mlangoni. Yule mdogo alikuwa akinitazama viatu.

Nikamwambia sikumbuki. Nilimwambia kwamba nafasiria watu kumi na wawili kwa siku, mama, siwezi kukumbuka kila mtu alisema nini. Akauachia mkono wangu polepole, akasema ahsante. Ahsante, kaka. Kwa lugha ya mama, kwa heshima yote, kama vile nimemsaidia.

Siku saba zilipita. Ya nane asubuhi lori likaja, watu arobaini na mmoja wakaitwa majina. Nilikuwa dirishani, nikichungulia juu ya ile rangi nyeupe. Alipanda wa mwisho kwa sababu kuna mjamzito alikuwa akimshika kiuno apande kwanza. Mlinzi, yule ambaye mkewe alizalishwa naye, alikataa kufunga mlango wa nyuma wa lori. Aliweka kufuli chini, akaenda kukaa kivulini, ikabidi dereva aufunge mwenyewe. Mlinzi yule naye hayuko kazini sasa. Hakusema neno hata moja, na bado alifanya mengi kuliko mimi.

Siku ya tatu baada ya lori kuondoka nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kwamba katika mafaili mengine niliyokaa kwenye kona ile, ni mangapi nimeyafupisha hivyo. Nikasema sijui. Akaniambia niache kitambulisho mezani.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mwanasheria wa msaada, binti mdogo kuliko mimi, nikaandika maelezo na kuyaapia. Faili likafunguliwa upya. Wiki mbili zilizopita uamuzi ulibadilishwa, mkunga akakubaliwa kuwa mkimbizi, yeye na watoto wake, na nchi hii inawajibika kumlinda. Barua ina muhuri, ina sahihi, nimeiona kwa macho yangu. Iko kwenye droo ya mwanasheria kwa sababu hakuna wa kumkabidhi. Watu wawili waliovuka baadaye wanasema kwenye kizuizi cha kwanza upande wa pili waliangalia orodha, wakamteremsha yeye peke yake. Mabinti wako kwa shangazi yao, yule aliyeshika jembe. Mkunga mwenyewe hajulikani alipo. Mwanasheria anaandika barua kila wiki kuulizia. Mimi nazifasiri, neno kwa neno.

Sasa kila siku tunakaa chumbani kwake tukipitia orodha ya watu niliowafasiria. Anasoma kilichoandikwa, mimi nasema ninachokumbuka, na safari hii nakumbuka kaka, nakumbuka mno. Mwezi ujao nitasimama mahakamani kusema haya mbele ya watu. Waandishi watakuwepo. Jina langu ni la ukoo wetu, na wewe ni mwalimu mkuu, wazazi wa wanafunzi wako watasoma. Wapo watakaosema ndio hao, wamepokelewa na sasa wanaitukana nchi. Wapo wa upande wetu watakaosema mabaya zaidi, na hao watakuwa na haki. Sikuombi ruhusa. Nakupa habari mapema ili usizikute gazetini.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja nyumbani. Mama bado anawaambia majirani kwamba binti yake anakaa mezani na serikali kuwasemea watu, kwa hiyo atasikia kutoka kinywani mwangu, si kwako wala kwa mwingine. Ninachokuomba ni kitu kimoja. Nitakapoanza kusema, uwe chumbani. Si lazima unitetee, si lazima hata unitazame. Uwepo tu, maana sijui kama nitaweza kufika mwisho nikiwa peke yangu naye.

Nisalimie wifi, mwambie asiandae chochote. Wapakate watoto kwa niaba ya shangazi yao. Ukitaka kunijibu nijibu, na ukishindwa nitaelewa, tutaonana hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako, kitindamimba wa mama yetu.