Jina la Mtu Aliye Hai

Kapseret, Eldoret
3 Mei 2024

Mwanangu Kipkoech,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua baridi ikishika. Sijui joto la huko Turkana linakutendea vipi, na kwa vile huko hakuna netiwaki, nampa Nyongesa wa lori la mahindi barua hii akufikishie.

Dadako Cynthia amejifungua mvulana kule Huruma, sasa wako kwangu. Jumamosi alasiri tulikaa kumwitia majina, gogo, mamake babako, akiwa na ugoro wake. Unajua wanaitwa wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atapiga chafya kwa jina lake ndiye aliyerudi. Babako aliitwa, kimya. Babu zako wote, kimya. Basi gogo, ambaye siku hizi anachanganya waliokufa na walio hai, akaita jina lako. Mtoto akapiga chafya.

Cynthia alicheka, sisi wengine hatukucheka. Tuliita wafu tena mpaka sauti zikakauka, wapi. Sasa mtoto hana jina, hanyonyi vya kutosha, analia mpaka anakuwa baridi. Gogo anasema apewe lile alilochagua. Nimekataa, maana kumpa ni kusema umekufa. Pasta naye anasema aliyekufa yuko mbinguni milele, harudi. Wewe ndiye unayefundisha watoto habari ya milele. Ni hii ya pasta ya kwenda moja kwa moja, au ya gogo ya kuzunguka? Lakini kwanza niambie kama u mzima.

Mamako

Turkana
27 Mei 2024

Mama mpendwa,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, nakula, nafundisha, usiogope.

Ila Jumamosi hiyo alasiri nilikuwa na darasa la dini. Nilikuwa nimeandika ubaoni milele, daima, pasipo mwisho. Msichana mmoja akauliza, kama kitu hakina mwisho, kinakosaje kuchosha. Kabla sijamjibu nilimsikia gogo akiniita, karibu kabisa, na harufu ya ugoro ikanijia. Nikaitika, "Naam, gogo." Watoto wakauliza namwitikia nani.

Najua ulivyotukanya tukiwa wadogo: ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Sauti ilinitoka kabla sijafikiri. Tangu hapo siumwi popote, lakini najihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo mahali akasahau wapi. Nilidhani milele naijua. Siku hizi nikilitamka hilo neno naogopa, maana naona halina mlango wa kutokea.

Mtoto asife kwa ajili ya jina, mama. Mpe. Huku hata silihitaji sana, wananiita mwalimu.

Mwanao

Kapseret
19 Julai 2024

Mwanangu,

Leo nimeanza hivyo tu, bila jina. Nakusalimu, na nauliza hali yako kuliko siku zote.

Tulimpa jina. Siku hiyo hiyo alinyonya akashiba akalala, na sasa amenenepa. Nikimwita anageuka kunitazama vile ulivyokuwa ukinitazama ukitoka shule.

Nyongesa alirudi juzi. Anasema alikukuta kivulini kando ya darasa, huna shida yoyote. Akakuita Kipkoech, hukugeuka. Akakuita Simeon, jina la ubatizo, hukugeuka. Alipokushika bega ulimsalimu vizuri, ukamwuliza anamtafuta nani. Barua niliyokuandikia ya kukuambia mtoto amepona amerudi nayo. Ulimwambia mwenye barua hayupo.

Nimefurahi kwamba mjukuu wangu anaishi, na nimelia kwa sababu hiyo hiyo. Gogo ananiambia ninyamaze, katika ukoo huu hakuna apoteaye milele. Mimi sililii ukoo. Nakulilia wewe.

Kila jioni nikiomba nafika mahali pa kukutaja, nikikutaja tu mtoto anacheka chumba cha pili. Basi naruka, namwombea Cynthia, namwombea gogo. Nimemwambia Nyongesa akuwekee hii mkononi bila kukuita. Ukiisoma, niandikie jina unaloitikia sasa, nijue nikuombee kwa lipi.

Mamako