Kufuli Kwenye Geti la Shule

Baba Chebet,

Pole na joto la huko Qatar. Hapa Kiptere ng'ombe amezaa, ila mvua ya mawe imemaliza majani chai yetu.

Ile PhD ya uongozi wa shule nimepita. Maprofesa waliniuliza: wazazi wakimkataa mwalimu mkuu, afanye nini? Nikajibu, awasikilize kwanza. Wakanipigia makofi.

Jana nilirudi shuleni nikakuta wazazi wamefunga geti kwa kufuli, wameshika matawi, wanaimba mimi mwalimu mkuu nihamishwe. Eti kila wiki niko chuo na watoto hawajui kusoma. Ufunguo anao mama yako, naye yuko upande wao. Tafadhali mpigie simu leo, mbembeleze afungue. Wewe hawezi kukukatalia. Mimi nilipiga magoti mbele yake na hakuniangalia.

Nilimwambia ni uongo, watoto wanasoma. Akamshika Chebet wetu mkono, yuko gredi ya nne sasa, akampa kitabu asome mbele ya watu wote. Kelele zikaisha. Nikasikiliza, Baba Chebet. Tulisikiliza wote, na mtoto hakutoa hata neno moja.

Ni mimi,
Mama Chebet