Sauti ya Zuhura kwenye Mashine ya Betri

Jumatatu, 1 Oktoba 1962
Umri wangu sabini na mbili. Nimezika mke, nimezika ndugu wote, vita mbili za Wazungu zimekuja zikaisha nipo. Leo gramafoni langu nalo limekwenda. Nalitia mafuta kama kila asubuhi, springi ikakatika kwa kishindo. Mjini hazipatikani tena. Harusi ya mjukuu wangu Saada ni Ijumaa ya wiki ijayo. Marehemu bibi yake Zuhura aliacha neno: Saada nitamwimbia mimi. Kaimba vugo, wimbo wa harusi wa kugongewa pembe, kwenye santuri kabla ya vita ya pili. Iko moja tu, ninayo mimi.

Jumanne, 2 Oktoba
Mwanangu Omari kaniletea mashine mpya ya betri. Nyepesi kama sinia. Mwendo wake wa santuri za siku hizi, za polepole. Nikaiweka ya Zuhura, ya zamani, yataka kwenda mbio. Sauti nzito, inaburura. Saada kacheka mpaka kakaa chini. "Babu, huyo ni bibi au ng'ombe anazaa?" Nimekasirika. Kisha nimecheka.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimekwenda Changamwe kwa Gulamu, fundi wa redio. Kasema mashine hii haikuundwa kwa santuri zile. Na sindano yake nyembamba, itazila. Anayo nene. Nimemwambia sindano ni sindano. Cherehani za Kisauni nzima nimezitengeneza mimi, yeye hajazaliwa. Nikaondoka.

Jumamosi, 6 Oktoba
Wallahi nimepata! Nimeifungua. Ndani kijiti cha mota kinasukuma gurudumu la mpira, gurudumu linazungusha sahani. Cherehani tupu! Kijiti kikinenepa, sahani itakimbia. Nimekizungushia uzi wa nta. Nikaweka santuri nyingine, ya bwana mmoja nisiyempenda. Kalia kama kifaranga! Jumanne ng'ombe, leo kifaranga. Zuhura yuko hapo katikati.

Jumapili, 7 Oktoba
Nimeipiga ile ya bwana tangu alfajiri. Sasa yakwaruza. Vumbi jeusi kwenye sindano. Imeliwa. Gulamu alisema kweli. Ingelikuwa ya Zuhura?

Jumatatu, 8 Oktoba
Nimerudi Changamwe, shingo upande. Gulamu kaniona toka mlangoni. "Karibu, mzee wa sindano ni sindano!" Duka zima likacheka. Nikamwekea mashine mezani. Kaifunga sindano nene mwenyewe, vizuri. Lakini ule uzi kautazama sana. Kauliza nani kafanya. Nimemwambia nani mwingine? Nimemwalika harusini.

Jumatano, 10 Oktoba
Siku kubwa! Nimemwita Bi Rehema, mdogo wake Zuhura. Ndiye aliyepiga pembe kwenye santuri ile. Kaja na pembe zake za nyati. Mimi nafungua uzi kidogo, naweka santuri, yeye agonga pembe.
"Shemeji, yuakimbia kama mwizi."
Nafungua.
"Sasa kalegea, kaza."
Nakaza. Pembe na sauti zikaenda pamoja. Bi Rehema kashusha pembe. "Huyo," kasema.
Nimepiga ukelele majirani wakaja mbio, walidhani nimekufa. Nani hapa Mtopanga nzima angeweza hili? Hakuna.

Ijumaa, 12 Oktoba
Saada kaolewa. Kaimbiwa na bibi yake, wanawake wakaitikia kwa pembe. Omari kalia.
Mashine hii haivumi kama gramafoni. Wimbo ulipokwisha nilinyoosha mkono niondoe sindano. Nikasikia kitu. Miaka yote sikukisikia, kilimezwa na mvumo. Zuhura kamaliza kuimba, anauliza kwa sauti ya chini, kama yuko jikoni:
"Basi, Rehema?"
Bi Rehema akajibu:
"Basi, dada."
Sikuirudia. Nimeifunga santuri kwenye leso ya Zuhura.
Saada alisikia. Bi Rehema alisikia. Gulamu wa Changamwe alikuwa mlangoni, naye alisikia.