Mlinzi wa Mdomo wa Tangi

4 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mguu wangu umetulia kidogo, presha ndiyo imepanda, na walioipandisha ni ninyi wawili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniambia "niko salama, Mama" kisha unakata. Karatasi haikatiki.

Mdogo wako kaniaga jana kwa furaha kama bwana harusi. Anakuja hapo kiwandani kwenu kufanya kazi ndani ya tangi lisilo na hewa. Nikamwuliza, kwani wewe samaki? Akacheka. Nieleze wewe, na usinieleze kama wakubwa wako wanavyowaeleza waandishi wa habari. Kisha niahidi jambo moja: akianguka humo, utaingia umtoe. Sikuzaa wawili ili mmoja amtazame mwenzake akifa.

Mama yako

10 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, mdogo wangu naye mzima, anakula chakula cha watu wawili. Kazi hii sikumtafutia. Aliiomba mwenyewe kwa mkandarasi, nami nikawa wa mwisho kujua.

Dizeli ghafi ina salfa, ile inayochoma vifua vya watoto mijini. Sisi tunaipitisha kwenye tangi refu lililojaa kichocheo, vipunje kama dengu, navyo ndivyo vinavyosaidia kuiondoa. Miaka ikipita vipunje hushikwa na masizi, vikachoka. Hapo huvutwa nje, vikapelekwa kuchomwa masizi taratibu, halafu vikarudi kazini. Shida ni kwamba vikiwa vichafu, vikikutana na hewa huweza kuwaka vyenyewe. Kwa hiyo tangi hujazwa gesi ya naitrojeni. Haina harufu wala rangi, ukiivuta mara mbili umeanguka. Anayeingia kuvivuta hufungwa helmeti, na hewa humfikia kwa mpira kutoka nje.

Mimi ndiye mlinzi wa mdomo wa tangi. Naongea naye kwa redio na kuangalia kamba yake. Ahadi unayoitaka siwezi kuitoa. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba aliye ndani akianguka, mlinzi haingii. Wengi wanaokufa kwenye matangi ni wale walioruka kuokoa.

Binti yako

14 Machi

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara imenikasirisha upya. Sheria hiyo kaitunga nani? Mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, ambaye mwanawe hajawahi kuingia hata chini ya kitanda! Wanataka dizeli safi, haya, ni jambo jema. Lakini mbona kila kitu safi katika dunia hii lazima kwanza kipite kwenye mapafu ya mtoto wa mtu kama mimi? Na ukiuliza, unaambiwa kuna utaratibu.

Kataeni. Vueni hayo mavazi mrudi nyumbani wote wawili. Na kama hamkatai, basi nidanganye. Sema utaingia.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini presha imeshuka. Nikikataa mimi, pale mdomoni watamweka Mzee Usingizi, na jina lake linajieleza. Mdogo wangu ataingia vilevile. Bora niwe mimi.

Leo msimamizi alitaka waanze tangi likiwa bado na joto, maana wenye kiwanda wanaugulia hasara kila siku mtambo ukilala. Nikakaa juu ya kifuniko. Akafoka, "Wewe ni bosi wa nani hapa?" Nikamwambia, "Wa hiki nilichokikalia." Wakasubiri.

Kesho asubuhi anaingia. Fundi wa uokoaji atakuwa karibu, na Kifupi, rafiki wa mdogo wangu, ndiye atakayeshika mpira wa hewa. Sitakudanganya, Mama, hata ukiniomba.

Binti yako

23 Machi

Binti yangu,

Salamu baadaye. Simu zenu zote hazipatikani. Mume wa jirani yetu, yule dereva wa lori la mafuta, anasema kuna mtu ametolewa tangini kwa kamba. Hajui ni nani. Hajui kama yu hai. Mguu huu ungeniruhusu, sasa hivi ningekuwa langoni kwenu napiga kelele. Nimempa yeye barua hii.

Kama ni baya, liandike wewe. Lisiandikwe na msimamizi wako na "masikitiko makubwa" yake. Nakusihi, mwanangu.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Yuko hai.

Vipunje vilikuwa vimegandamana kama ukuta. Ukuta ukaporomoka, ukamzika hadi kiunoni. Kamba tungeivuta ingemkata. Mpira wake ulibanwa, akabaki na chupa ndogo ya hewa ya akiba. Kifupi akataka kuruka hivihivi, bila helmeti. Nilimdaka mguu, nikamwangusha, nikamkalia. Alinitukana matusi yote anayoyajua, mengine akayatunga.

Redio ilikuwa wazi. Mdogo wangu akasema, "Dada, njoo." Nikasema hapana. Akasema tena. Nikamwambia apumue polepole, fundi anavaa. Basi akaacha kuniita mimi, akakuita wewe.

Fundi alishuka, akamchimbua, tukamvuta. Hewa ilimwishia njiani akazirai. Nyonga imevunjika, mapafu yanapona, na anakumbuka kila kitu. Nikiingia wodini anageukia ukutani. Akiruhusiwa wataniletea habari, na gari litamfikisha kwako. Mimi sitakuja naye, hataki. Usinifariji.

Binti yako

2 Mei

Binti yangu,

Natumaini unakula. Nimechelewa kwa makusudi. Mdogo wako yuko hapa, anatembelea magongo na kulalamikia uji wangu. Kanisimulia ulivyosema hapana. Nikakupangia maneno makali, yale ninayoyaweza. Maana mimi ningeingia. Ningeingia na gauni langu hili.

Jana akaja Kifupi na mkewe, wakaniwekea kichanga chao mapajani. Kifupi akamwambia mdogo wako, "Dada yako mzito kama gunia la saruji. Mgongo haujapona mpaka leo." Kifupi akasema tena, safari hii bila mzaha, "Asingenikalia, ningekuangukia juu, ndugu yangu. Fundi angeanza kunitoa mimi." Mdogo wako akacheka, kicheko kikamshinda, kikageuka kilio. Nami nimeshika mtoto wa watu, siwezi kumfuta mtu machozi.

Sitakuambia ulifanya vyema. Ulimi umegoma, na unaujua ulimi wangu. Yeye pia hajasema. Lakini asubuhi hii kaniuliza, kama mtu anayeulizia habari za mvua, likizo yako inaanza lini. Nikamwambia chukua kalamu umwulize mwenyewe. Akasema vidole vinamuuma. Vidole havina hata mchubuko.

Basi nauliza mimi. Inaanza lini?

Mama yako